Seva Ililia Tukikuzika

Rafiki yangu Mutuku,

Hajji amenifungia nje ya ofisi. Jana alinikuta nikiongea na kiti chako, nikikuuliza uliweka wapi waya wa akiba, na leo nilipofika akawa amesimama mlangoni na ufunguo mfukoni mwa kanzu yake. Akasema, "Leo hugusi mashine. Nenda ulie kama watu wengine." Akanipa chupa ya chai na sambusa kwenye gazeti. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye ngazi za nyuma ya duka lake, mahali ulipopenda kuota jua miguu ilipoanza kukusumbua, na kwa sababu sijui kulia kama watu wengine, nakuandikia.

Hatujawahi kuandikiana barua. Tulikaa meza moja miaka yote hiyo, tungeandikiana nini? Sasa nina mengi ya kukuambia na sijui nianzie wapi. Nianzie pale ambapo wewe mwenyewe ulikuwepo, labda nitapata nguvu ya kufika pale ambapo hukuwepo.

Unakumbuka seva yetu ilikuwa haina mlinzi ila wewe. Ilikaa humo ndani, chini ya dirisha la nondo, feni ikiipulizia mchana kutwa, na dishi letu juu ya mabati likitazama mbinguni. Tovuti yenyewe haikuwa na makuu. Nani amefariki Mwala, nani anaoa Kangundo, harambee ya mtoto wa nani, mvua imenyesha wapi na imekataa wapi. Lakini watu wetu waliotawanyika, wa Mombasa, wa Arabuni, wa Amerika, waliifungua kila siku kutafuta habari za kwao. Ikikwama, walikupigia wewe. "Mutuku, page haifunguki. Mjomba wangu anazikwa lini?" Nawe ungeacha muthokoi ukipoa kwenye sahani, ukaja mbio.

Hukuwa na njia nyingine ya kujua kama iko hai. Uliifungua ukiamka, ukaifungua ukitoka kanisani, ukaifungua ukitoka chooni. Nilikuwa nakucheka. Hajji alisema umeoa mashine bila kulipa mahari.

Kisha figo zako zikachoka.

Sitaandika mengi juu ya ugonjwa, uliujua kuliko mimi. Miguu ilivimba ukawa unavaa sandali za marehemu baba yako. Ukaanza kwenda Nairobi kusafishwa damu, unarudi na uso wa rangi ya majivu, halafu unaniambia umeona twiga pale Lukenya, kana kwamba ulikuwa umetoka matembezi. Siku moja nikakusindikiza. Umelala pale, damu yako iko nje ya mwili wako inazunguka kwenye mipira, simu ikalia. Mtu wa mbali, analalamika ukurasa umeganda. Ukaanza kumwomba radhi. Radhi, Mutuku! Ukiwa katika hali ile! Nikakunyang'anya simu. Muuguzi akadhani mimi ni mkeo, akasema, "Mama, mwambie bwana apumzike." Watu walizoea kutuuliza tutaoana lini, nawe ulikuwa na jibu lako: katika kazi hii lazima mmoja abaki na akili timamu.

Tulipofika nyumbani nikakuambia ama tuifunge tovuti, ama seva ijifunze kusema yenyewe ikiumwa. Ulifumba macho. Nilidhani umesinzia. Kisha ukasema, "Basi tuifundishe."

Siku zile tulizoifundisha, rafiki yangu, ndizo ninazozirudia kila ninapofumba macho. Wewe miguu juu ya kreti ya soda, mimi kwenye kibodi, unaniambia na mimi naandika. Ile programu ya bure ya kupima seva iliposhuka kutoka mtandaoni polepole kama jivu, tulikunywa chai mpaka Hajji akauliza kama kompyuta ndiyo inayokunywa. Nilitaka tuanze mara moja na maonyo. Ukakataa. "Huwezi kujua mtu anaumwa kama hujawahi kumwona akiwa mzima," ulisema. "Kwanza tuitazame tu."

Tukaitazama. Kila baada ya dakika chache programu iliiuliza seva hali yake: umebeba mzigo gani, kumbukumbu imebaki kiasi gani, diski imejaa wapi, wageni wangapi wako mlangoni, ukurasa unachukua muda gani kufunguka. Majibu ikayachora kwa mstari. Mimi niliyekuwa nimezoea kuona herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, nilishangaa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya moyo wake. Jumapili jioni mstari ulipanda kama vilima vya Iveti. Tukakuna vichwa. Halafu ukapiga meza. "Wametoka kanisani! Kule Amerika sasa ni mchana, wametoka kanisani wanatafuta habari za nyumbani!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Nikakupigapiga mgongo, nikahisi mifupa yako chini ya shati, nikaondoa mkono haraka usije ukajua kwamba nimejua.

Na mstari ndio uliotuonyesha kilichokuwa kinatuumiza. Siku zote tulilaumu mashine kuwa kuukuu. Kumbe mashine ilikuwa na nguvu tele, kilichokwisha ni kumbukumbu, nayo ilikwisha kila mara mtu alipotangaza matanga yenye picha. Picha zilitoka kwenye kamera zikapandishwa zilivyo, kubwa kama milango. Mgeni aliyesubiri picha ishuke alikuwa amekalia kiti, na wageni wakizidi, viti vinaisha, wengine wanabaki nje wakidhani tumefunga. Ukanifundisha kuzipunguza. Ukurasa uliokuwa unasubiriwa kikombe kizima cha chai ukawa unafunguka kabla hujainua kikombe. Ulitabasamu siku hiyo kwa namna ambayo sikuiona tena.

Kisha maonyo. Ile simu kuukuu tukaifunga kwa waya kwenye seva ili itume meseji hata mtandao ukikatika. Mpaka wa kwanza, ule ambao mzigo ukiupita simu inalia, niliuweka mimi, nikauweka chini mno. Unakumbuka? Simu yangu ililia mfululizo tukiwa kwenye mazungumzo ya mahari ya binamu yako Kioko, mpaka mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza kama tunaendelea kupigiwa na wenye mabinti wengine. Njia nzima ulikuwa unanikejeli. Ukasema mbwa anayebwekea kila kuku, siku ya mwizi hakuna atakayetoka nje. Tukaupandisha mpaka, na tukaiambia isipige kelele kwa kosa moja, isubiri kwanza ione kama hali itatulia yenyewe.

Majaribio yalipokwisha na ikafika kuandika rasmi nani apate meseji, niliacha namba yangu peke yake. Ulitazama skrini. "Na mimi?" Nikasema wewe pumzika, hii kazi yote ni ili upumzike. Ukasema, "Ukinitoa hapo, Mwikali, nitajua mmeshanizika."

Wewe ulicheka. Mimi nikaandika namba yako ya kwanza, yangu ya pili.

Kitu cha mwisho ulichotengeneza kwa vidole vyako mwenyewe ni kile kijiprogramu cha siku mbaya. Neno moja tu, ukiliandika, seva inazima ukurasa wa kawaida, inatupa picha zote pembeni na kuwasha ukurasa wa maneno matupu. Uliliita "nyepesi". Nikakuuliza mbona jina la kitoto hivyo. Ukasema siku ya shida mtu hana akili ya kukumbuka maneno marefu.

Ulikufa asubuhi ya kiangazi. Nilikuwa hapa, nimekupikia uji, kwa sababu ulisema ukitoka Nairobi utapitia ofisini kwanza. Kioko akanipigia. Kabla hajafungua mdomo nilijua, maana Kioko hanipigii kamwe, yeye ni mtu wa meseji. Akasema, "Mwikali, uko umekaa?" Sikuwa nimekaa.

Unajua ni matangazo mangapi ya vifo nimeyaandika mimi. Mikono yangu inayajua bila kuyafikiria. Lako nilikaa nalo kutwa. Ulikuwa unachukia ule mwanzo wetu, "Ni kwa huzuni kubwa", ulisema kila mtu anakufa kwa maneno yaleyale. Nikaapa wewe sitakuzika nayo. Nikaandika, nikafuta. Niliandika kwamba ulikuwa unachanganya ugali na maziwa ya mgando ukiwa mtu mzima. Nikafuta. Niliandika kwamba huwezi kuimba na hujui kwamba huwezi. Nikafuta. Mwishowe jua likaanza kushuka, watu wakipiga simu kuuliza kama ni kweli, nikaandika, "Ni kwa huzuni kubwa." Nisamehe. Yalikuwa ya kweli, ndiyo shida yake.

Sasa nafika pale ambapo hukuwepo.

Dada yako Nthenya hakuweza kuja. Unamjua alivyo, alitaka kupanda ndege siku ileile. Lakini makaratasi yake ya kule Amerika hayajakaa sawa hadi leo, na akitoka hatarudi, na watoto wake wako kule shuleni. Alinipigia akilia bila maneno, kwa muda mrefu, hata nikaweka simu mezani nikalia na mimi, kila mtu upande wake. Kisha akasema, "Mwikali, si unaweza kunionyesha? Hata kidogo tu. Nisikae hapa kama mtu hana ndugu." Nikamwambia nitamwonyesha.

Nikabeba ile laptopu yetu hadi Muthetheni, nikaifunga kwenye simu yangu ipate mtandao, na kutoka asubuhi nikawa napandisha picha ndogondogo na mistari michache. Mwili umefika. Mama yuko sawa, ameshikwa na kina shangazi. Misa imeanza. Watu ni wengi mpaka kwenye shamba la mbaazi. Nthenya alikuwa macho kule, saa zao za ajabu, anafungua ukurasa na kuufungua tena. Nilichosahau ni kwamba hakuwa peke yake. Kila mtu uliyewahi kumwomba radhi kwa simu alikuwa anakutafuta siku hiyo, Mutuku. Wote. Kutoka kila mahali.

Padri alikuwa ametuita twende kaburini. Nimeandika, "Sasa tunampeleka," nimefunga laptopu, nimesimama kumfuata mama yako. Simu ikalia mfukoni. Ukiijua sauti ile huwezi kuichanganya na nyingine. Nikaitoa. Seva haijibu. Kumbukumbu imekwisha.

Nilisimama katikati ya watu, wengine wananipita kulia na kushoto wakiimba. Nilimwona Kioko na wenzake wakikuinua. Nikamfikiria Nthenya, mkono kwenye kompyuta yake, anafungua ukurasa na hakuna kitu. Sentensi ya mwisho aliyoiona ni kwamba tunakupeleka. Halafu giza.

Nikageuka. Nilikwenda upande wa pili, hadi nyuma ya ghala la mahindi ambako kelele zilipungua, nikajaribu kuingia kwa laptopu, haikukubali, mlango wenyewe ulikuwa umejaa watu. Nikampigia Hajji. Alikuwa amebaki mjini na funguo, alisema mtu lazima akae na mali ya marehemu.

"Hajji, fungua chumba. Kaa kwa kiti ya Mutuku."

"Kwa kiti yake? Wallahi, mimi naogopa hii kitu, Mwikali. Nikibomoa je?"

"Huwezi kubomoa. Washa skrini. Andika vile nakwambia."

Yule mzee ambaye hutia sahihi kwa taabu, ambaye kibodi aliiona kila siku akileta chai na hakuwahi kuigusa hata kwa kidole. Nikamtajia herufi moja moja, kwa lugha yake ya sokoni. N ya ng'ombe. Y ya yai. E ya embe. P ya punda. Huku nyuma yangu wimbo ukabadilika, nikajua mmefika. "Pole pole," alikuwa anasema Hajji, "pole pole, usinikimbize." E tena. S ya samaki. I ya iliki. Sasa kile kitufe kikubwa cha upande wa kulia. Nikasikia akivuta pumzi, akasema, "Bismillahi," akakibonyeza.

"Imeandika kitu," akasema. "Imeandika, imerudi chini. Imenyamaza. Nimeua?"

Nikafungua ukurasa. Ulikuja. Hakuna picha, hakuna rangi, maneno meusi kwenye weupe, na mstari wa mwisho pale pale: Sasa tunampeleka.

Na ndipo nikasikia udongo.

Unajua sauti ile, umezika watu. Sepetu, kisha udongo, kisha sauti za kina mama zikipanda juu ya wimbo. Nilikimbia na viatu vyangu vya matanga vikiingia kwenye mchanga. Nilipofika, niliona migongo tu. Kioko alikuwa ameshavua koti anapiga sepetu. Sanduku sikuliona likishuka. Rafiki yangu, miaka yote tuliyokaa meza moja, na sikukuona ukishuka. Nilichukua udongo kwa mkono nikautupa juu ya udongo wa wenzangu, kama mtu aliyechelewa kwa harusi ya mtu mwingine.

Kisha nikarudi kwenye laptopu, maana Nthenya alikuwa anangoja, nikaandika, "Tumemzika." Niliandika jambo ambalo sikuliona.

Nthenya hakupiga simu siku hiyo. Alituma meseji tu: "Nimesoma yote. Asante. Nilikuwa hapo."

Jioni, watu wakishapungua, mama yako aliniita jikoni. Nilikuwa naogopa. Akaniuliza bila kunitazama, akichochea moto, "Nilikutafuta pale kwa kaburi. Sikukuona." Nikamweleza yote, jinsi mashine ilivyojaa, Nthenya alivyobaki gizani, Hajji na herufi zake. Sijui alielewa kiasi gani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi wewe ulikuwa umeshika Nthenya mkono. Mimi nilikuwa na watu wengi wa kunishika." Akanipakulia chakula. Nikala nikilia, akaniacha nilie.

Nimemshukuru Hajji mara nyingi. Kila mara anauliza lile neno lilikuwa na maana gani, na nikimwambia nyepesi, anashika tumbo lake na kusema, "Mimi, mzito hivi?" Kisha anakumbuka, anageuka upande mwingine.

Nilipopata moyo wa kufungua grafu ya siku hiyo, niliona mstari umepanda mahali haujawahi kufika, ukakatika. Pengo jeupe, jembamba. Kisha unaendelea chini, umetulia. Katika pengo lile wewe ulishushwa. Ndicho kitu pekee nilicho nacho cha dakika zile, mahali ambapo hakuna kitu. Lakini unakumbuka uliponieleza kwamba programu hukumbuka mambo ya karibu kwa undani, na ya zamani inayakunja, inayachukulia wastani, kwa sababu ikikumbuka kila kitu diski itajaa? Nilikuambia ni akili sana. Sasa nalitazama pengo lako. Kwenye grafu ya wiki lilikuwa wazi. Kwenye ya mwezi ni mkwaruzo. Kwenye ya mwaka unaona kilima tu, na mtu asiyejua angesema siku ile ilikuwa na wageni wengi, basi. Nimeikasirikia mashine kwa hilo. Ningeweza kubadilisha, uliniachia maarifa hayo. Sijabadilisha. Labda ulijua kitu. Mimi bado sijui.

Na namba yako bado ni ya kwanza.

Nilikaa mara kadhaa niifute. Napeleka mshale hadi pale, nakumbuka ulichosema, naufunga ukurasa. Nikajidanganya kwamba simu yako imezimwa, meseji zinaangukia hewani. Haikuzimwa. Mama yako anaipeleka sokoni Muthetheni kuchajiwa, kwa yule mama wa duka la dawa za mifugo, anairudisha anaiweka kabatini juu ya kitambaa, kando ya picha yako ya kipaimara. Niligundua stima ilipopotea hapa mjini, seva ikabaki kwa betri na kutuma onyo, na yeye akanipigia, bila salamu: "Mwikali, simu ya mtoto imelia. Hiyo kazi yenu inaumwa?"

Nikasema ni stima tu, Mwaitu, mama yangu, itarudi. Akasema haya, akakata. Toka hapo ikilia, ananipigia. Kuna siku amenipata kabla ya mimi mwenyewe kusoma meseji yangu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nimpelekee sukari na nimwombe tuizime. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta anachambua mbaazi, nikakaa, nikaanza kuchambua na mimi, nikasema naogopa ile sauti inamtonesha kidonda. Nikasema, kwa upole nilioweza, kwamba anayetuma ni mashine, siyo wewe.

Mama yako aliniangalia kama alivyokuwa anakuangalia wewe ukivunja kitu. "Mimi si mjinga, Mwikali," alisema. "Mtoto wangu yuko pale nje, naona kaburi nikifungua mlango. Lakini nyumba hii imenyamaza sana. Wacha ilie." Akaendelea na mbaazi zake. Baadaye kidogo akauliza, "Hiyo mashine yenu haijui kusema kitu kizuri? Inalia tu ikiwa mgonjwa. Mutuku alikuwa ananipigia hata kuniambia amekula."

Hatukuwahi kufikiria hilo, wewe na mimi. Tuliifundisha kusema inaumwa, na tukadhani imemaliza masomo. Tena tuliyaandika maonyo kwa Kiingereza, na mama yako anasoma Kikamba cha kanisani.

Jana, ndiyo jana Hajji aliponikuta naongea na kiti, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nafanya. Nilikuwa nakuuliza waya uko wapi, na nilikuwa nakuuliza pia niandikeje. Nimeiambia seva kila asubuhi ijipime yote, mzigo, kumbukumbu, diski, mlango. Ikiwa yote yako sawa, itume kwa namba ya kwanza neno moja la Kikamba, la kusema ni vizuri: Nesa. Nikalijaribu palepale. Nikangoja. Mama yako alinipigia, na mara hii alinisalimia kwanza, akauliza hata habari za mama yangu. Kisha akasema, "Imelia." Nikamwambia najua. Akasema, "Imesema ni nesa. Nimeisoma mwenyewe." Halafu hakukata, tukabaki hivyo sote wawili kwenye simu, nikisikia kuku wake.

Chai ya Hajji imepoa. Nimemaliza sambusa. Jua limeondoka kwenye ngazi hizi, na yeye anachungulia mara kwa mara kuona kama nimelia vya kutosha.

Sikukuaga pale kaburini, kwa hiyo nakuaga hapa. Kwaheri, Mutuku. Nakuahidi namba yako haitatoka, na mama yako hatakosa neno lake la asubuhi maadamu mimi na mashine hii tunapumua. Siku ambayo mambo si mazuri, sitaiacha iseme uongo. Atanipigia, nami nitapokea.

Hakuna mtu wa kuomba radhi tena, rafiki yangu. Lala. Ikilia, nitaamka mimi.

Wako,
Mwikali